Mgonjwa akishatoka wodini anakuwa wa nani? Tujadili namna ya kuzuia wagonjwa kulazwa upya

Mtoa mada (muuguzi)

Wadau, salaam kwenu nyote. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima, na ninaomba tujadili jambo ambalo kila aliyewahi kufanya kazi wodini amelishuhudia: mgonjwa anaruhusiwa akiwa na nafuu ya kweli, ndugu wanashukuru, kitanda kinatandikwa upya, na kabla mwezi haujaisha mgonjwa yule yule anarudi akiwa na hali mbaya kuliko ya mwanzo. Tumezoea kusema kwamba ugonjwa umerudi. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi, mpaka nilipoanza kuwauliza waliorudi maswali ambayo nilipaswa kuwauliza kabla hawajaondoka.

Mzee mmoja mwenye tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo aliondoka kwetu akitembea mwenyewe. Siku ya tisa aliletwa akiwa amevimba miguu hadi mapajani, hawezi kulala chali, anazungumza maneno mawili kisha anavuta pumzi. Binti yake alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye dawa zote zilizokuwa nyumbani. Niliumimina juu ya meza ya kitanda, tukaanza kuzipanga moja moja. Tulikuta paketi mbili za dawa ya presha, moja aliyokuwa akiitumia tangu zamani na nyingine tuliyompa sisi. Majina yaliyoandikwa kwenye paketi yalikuwa tofauti, lakini dawa yenyewe ilikuwa ile ile, naye alikuwa akimeza zote mbili na kupata kizunguzungu kila anaposimama. Dawa ya kupunguza maji mwilini ilikuwa imetumika siku mbili tu. Nilipomuuliza kwa nini aliiacha, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba ilikuwa inamkojoza usiku kucha, na mtu mgonjwa hawezi kuendelea na kitu kinachomnyima usingizi. Hakuna miongoni mwetu aliyemweleza kwamba kukojoa sana ndiyo kazi ya dawa ile, wala kwamba angeweza kuimeza asubuhi.

Nilirudi kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa nikaisoma neno kwa neno. Mwandiko ulikuwa unasomeka, dawa zote zilikuwa zimeorodheshwa, na chini kulikuwa na maneno "arudi kliniki baada ya wiki nne". Kwa kipimo cha ofisi, kila kitu kilikuwa kimefanyika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu sikumwona wa kulaumiwa: daktari alikuwa ameandika, mfamasia alikuwa ametoa dawa, mimi nilikuwa nimekabidhi karatasi, na kati ya sisi watatu hakuna aliyekuwa na jukumu la kujua siku ya tatu kule nyumbani kunaendaje.

Tatizo hili limepimwa vizuri. Nchini Marekani, uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa bima ya wazee ya Medicare, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya walioruhusiwa walilazwa tena ndani ya siku 30. Yaani karibu mmoja kati ya kila watano. Lakini takwimu iliyonigusa katika uchunguzi ule ni nyingine. Miongoni mwa wagonjwa wasio wa upasuaji waliorudishwa hospitalini ndani ya siku hizo, karibu nusu hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya malipo ya kuonwa na daktari kati ya siku waliyotoka na siku waliyorudi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2003, ulifuatilia wagonjwa 400 baada ya kwenda nyumbani, ukagundua kwamba 76 kati yao walipata madhara yaliyotokana na matibabu yenyewe, na sehemu kubwa ya madhara hayo ilitokana na dawa. Mwaka 2005 watafiti wengine walikuta kwamba asilimia 41 ya wagonjwa waliokuwa wanaruhusiwa walikuwa na angalau kipimo kimoja ambacho majibu yake yalikuwa hayajatoka. Jibu la maabara linapofika wodini baada ya mgonjwa kuondoka, linamkuta nani?

Hoja yangu kwa hiyo ni hii: huduma ya mpito, yaani huduma ya kumvusha mgonjwa kutoka wodini hadi pale nyumba au kliniki itakapomshika sawasawa, haitakamilika kwa kuboresha karatasi peke yake. Anahitajika mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye mgonjwa ni wake kwa wiki mbili za kwanza baada ya geti, na ambaye ataulizwa mgonjwa huyo akipotea.

Mipango iliyowahi kupimwa na kuonekana kufaa, nikiitazama, naona kila mmoja ulikuwa na mtu wa namna hiyo. Mary Naylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimpa kila mgonjwa mzee muuguzi bingwa aliyeanza kumtembelea akiwa bado wodini, kisha akamfuata nyumbani. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 1999, baada ya wiki 24, waliokuwa wamelazwa upya walau mara moja walikuwa asilimia 20.3, wakati katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 37.1. Eric Coleman, daktari wa Marekani, alichukua njia nyepesi zaidi: mkufunzi aliyemtembelea mgonjwa nyumbani na kumpigia simu, bila yeye mwenyewe kutibu, akimzoeza mgonjwa kusimamia dawa zake, kutunza daftari lake la afya, kuhudhuria miadi na kutambua dalili za hatari. Matokeo yake ya mwaka 2006 yalikuwa asilimia 8.3 waliorudi ndani ya siku 30, dhidi ya 11.9. Tofauti hiyo si ya kutikisa dunia, lakini ni watu.

Ninawakaribisha, hasa mnaofanya kazi hii katika mazingira yenye upungufu wa watumishi.

Mchangiaji wa pili (mfamasia)

Dada muuguzi, nakushukuru kwa kuumimina ule mfuko mezani, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo nusu ya mjadala huu. Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake ya usalama wa dawa mwaka 2017 lilitaja maeneo matatu ya kupewa kipaumbele: mazingira ya hatari kubwa, mgonjwa mmoja kutumia dawa nyingi, na mgonjwa kuhama kutoka ngazi moja ya huduma kwenda nyingine. Mzee wako alikuwa ndani ya yote matatu kwa wakati mmoja.

Naomba nieleze kosa linavyozaliwa, maana watu wengi hudhani ni uzembe wa mgonjwa. Mgonjwa anayetoka wodini ana orodha tatu za dawa: alizokuwa akitumia kabla ya kulazwa, alizopewa akiwa amelazwa, na anazotakiwa kutumia nyumbani. Karatasi ya kuruhusiwa kwa kawaida huonyesha orodha ya tatu tu. Haisemi chochote kuhusu dawa iliyosimamishwa, na mgonjwa ambaye hajaambiwa aache ana kila sababu ya kuendelea, tena kwa uaminifu. Kwa hiyo kila dawa aliyokuwa nayo lazima iandikiwe neno moja kati ya manne: endelea, badilisha, acha, au anza, na penye "acha" au "badilisha" iandikwe na sababu. Sababu hiyo ndiyo itakayomzuia daktari wa kliniki kuirudisha dawa ile ile wiki mbili baadaye.

Jambo hili lifanyike mara mbili. La kwanza ni siku ya kulazwa, wakati ndugu wanaweza kutumwa nyumbani kuleta paketi zenyewe. Majina ya kukumbuka kichwani hayatoshi, na "kile kidonge cheupe" hakitoshi kabisa. La pili ni siku ya kuruhusiwa. Anayelifanya siku ya kuruhusiwa pekee anakuwa anasahihisha mtihani bila kuwa na maswali.

Nikiongezea kwenye mifano ya mtoa mada, mpango wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Boston uliochapishwa mwaka 2009 ulikuwa na muuguzi wa kumwandaa mgonjwa pamoja na mfamasia aliyempigia simu siku ya pili hadi ya nne baada ya kutoka. Matumizi ya hospitali ndani ya siku 30, ukijumlisha kulazwa na kufika idara ya dharura, yalipungua kwa takriban asilimia 30. Ninawaomba viongozi wa hospitali wanaosoma hapa waitazame simu ile ya mfamasia kama sehemu ya dozi.

Mchangiaji wa tatu (daktari wa magonjwa ya ndani)

Ndugu zangu, ninaunga mkono nia ya uzi huu, lakini ninaomba tusijipe matumaini kupita ushahidi uliopo.

Mji wa Camden, katika jimbo la New Jersey, ulikuwa na mpango uliosifiwa sana wa kuwafuatilia wagonjwa wanaolazwa mara nyingi kuliko wote. Timu ya wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na watumishi wa ustawi iliwatembelea nyumbani, ikawasindikiza kliniki, ikawasaidia hata mambo ya makazi. Ulipopimwa kwa jaribio la kura, yaani wagonjwa wakigawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, na matokeo kuchapishwa mwaka 2020, waliolazwa tena ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 62.3 katika kundi lililohudumiwa na asilimia 61.7 katika kundi lisilohudumiwa. Kulazwa kulipungua sana katika kundi la mpango, ila kulipungua vivyo hivyo kwa wasiokuwa na mpango. Ndivyo inavyokuwa ukimchagua mtu katika mwaka wake mbaya kuliko yote: mwaka unaofuata, kwa wastani, utakuwa na unafuu hata usipomgusa. Hospitali nyingi zinazojitangazia mafanikio hazina kundi la kulinganisha.

La pili, tuwe waangalifu na adhabu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia Oktoba 2012 hospitali ambazo wagonjwa wake wa mshtuko wa moyo, moyo kushindwa na nimonia walirudi kupita kiwango kilichotarajiwa zikaanza kukatwa malipo, mwanzoni hadi asilimia 1, baadaye hadi asilimia 3. Kulazwa upya kulipungua. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha ongezeko la vifo ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa kwa wagonjwa wa moyo kushindwa na wa nimonia. Wataalamu wengine waliochambua takwimu hizo hawakukubaliana kwamba adhabu ndiyo sababu, na mjadala haujafungwa. Hata hivyo swali linabaki pale pale: je, kila mgonjwa ambaye hakurudi alikuwa amepona? Kuna mgonjwa ambaye kurudi kwake ndiko kulikookoa maisha yake, na sitaki mfumo unaomfanya muuguzi aogope kusema "njoo".

Mtoa mada (muuguzi)

Daktari, hoja zako zote mbili ninazipokea, na ya pili ninaipokea kwa moyo wote. Mfumo unaomzuia mgonjwa asirudi, badala ya kumwondolea sababu ya kurudi, umepotea njia, na ningependa kila mpango uhesabu vifo pamoja na kulazwa.

Kuhusu Camden, tutazame walikuwa wagonjwa gani. Hao walikuwa watu wenye magonjwa mengi kwa pamoja, wengi wao wakiwa na matatizo ya makazi, ya akili au ya ulevi, na mambo hayo hayatatuliwi na ziara za miezi michache pale ambapo nyumba za kupanga na huduma za akili zenyewe ni haba. Ninachojifunza kwao ni kwamba mtu wa kumvusha mgonjwa anasaidia iwapo ng'ambo ya pili kuna mahali pa kumfikisha.

Pale ambapo ng'ambo pameandaliwa, matokeo huwa tofauti. Jaribio la STRONG-HF, lililohusisha wagonjwa 1,078 wa moyo kushindwa katika nchi 14, zikiwemo Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, lilipandisha dozi za dawa haraka hadi kiwango kamili ndani ya wiki mbili baada ya kutoka, huku wagonjwa wakionwa kliniki mara kwa mara kuanzia wiki ya kwanza. Hadi siku ya 180, waliofariki au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 15.2, na katika huduma ya kawaida asilimia 23.3. Lilisimamishwa mapema mwaka 2022 kwa sababu haikuwa haki kuwanyima wengine. Sasa ilinganishe na "arudi kliniki baada ya wiki nne" ya mzee wangu.

Kuna jambo jingine ambalo Harlan Krumholz, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Yale, alilieleza vizuri mwaka 2013. Mgonjwa aliyetoka hospitalini anakuwa dhaifu kwa sababu ya kulazwa kwenyewe: amekosa usingizi, amekula kidogo, misuli imelegea kwa kulala, na kichwa chake hakijatulia. Ndiyo maana wengi hurudi na tatizo jingine kabisa. Kati ya wagonjwa wa moyo kushindwa waliorudi ndani ya siku 30, ni zaidi kidogo ya theluthi tu waliorudishwa na moyo. Waliobaki walirudishwa na figo, maambukizi, kuanguka na mengineyo. Kwa hiyo anayemfuatilia mgonjwa amtazame mtu mzima, asiulize kuhusu moyo peke yake.

Mchangiaji wa nne (aliyemuuguza mama yake)

Mimi si mtaalamu wa afya, ila nimemuuguza mama yangu baada ya kupata kiharusi, na ninaomba mnisikilize kwa upande wetu. Siku aliyoruhusiwa tulielezwa kila kitu ndani ya muda mfupi, jioni, huku mimi nikimvalisha mama viatu na dereva akipiga simu kwamba anasubiri. Muuguzi alikuwa mpole. Aliniuliza, "Umeelewa?" Nikajibu ndiyo. Ningejibuje vingine mbele ya mtu mwenye foleni ya wagonjwa nyuma yangu? Nilipofika nyumbani sikujua kama chakula chake kipondwe au la, na sikujua namna ya kumgeuza kitandani. Siku ya kumi na mbili alirudi kwa nimonia, kwa sababu nilikuwa nikimnywesha uji akiwa amelala. Nimelibeba jambo hilo mpaka leo.

Mtoa mada (muuguzi)

Dada yangu, pole sana. Naomba usilibebe peke yako, kwa kuwa lilikuwa letu kabla halijawa lako. Kumlisha mgonjwa wa kiharusi ni kazi ya kuonyeshwa kwa mikono, na wewe ulipaswa kumlisha mbele yetu walau mara mbili kabla hajatoka, akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na abaki ameketi kwa muda baada ya kula.

Swali la "umeelewa?" linafaa kuondolewa wodini kabisa. Badala yake tunamwomba mgonjwa au ndugu atueleze yeye kwa maneno yake: "Nataka nijue kama nimeeleza vizuri, ukifika nyumbani, dawa hii utampa saa ngapi, na ukiona nini utatupigia?" Pale anapokwama ndipo tunaporudia, na kosa linakuwa la maelezo yetu. Na maelezo yaanze siku ya pili ya kulazwa, jambo moja kwa siku, kwa yule atakayelala chumba kimoja na mgonjwa. Mara nyingi tunamweleza mwana aliyekuja kushughulikia malipo, wakati anayepika na kutoa dawa ni mtu mwingine aliyebaki nyumbani.

Mchangiaji wa tano (msimamizi wa wodi)

Nina swali la utekelezaji. Wodi yangu ina wauguzi wachache, hatuwezi kumfuata kila mtu. Tuwachague vipi, na hiyo simu ya siku ya tatu inaulizwa nini hasa?

Mtoa mada (muuguzi)

Kwa kuchagua, kipo kipimo kilichotengenezwa Kanada kiitwacho LACE, kinachojumlisha alama za siku alizolazwa, kama aliingia kwa dharura, magonjwa mengine aliyonayo, na mara alizofika idara ya dharura katika miezi sita iliyopita. Anayefikisha alama 10 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Kinasaidia, ingawa hakijui kama mgonjwa anaishi peke yake au kama anaweza kusoma, kwa hiyo usiache kumuuliza muuguzi wa zamu ana wasiwasi na nani.

Kuhusu simu, sianzi na "unaendeleaje?", kwa sababu jibu lake daima ni "namshukuru Mungu". Ninamwomba achukue dawa zake, anisomee kilichoandikwa kwenye kila paketi, na aniambie leo amemeza nini. Namuuliza jana usiku alilalia mito mingapi, maana anayekosa pumzi akilala huongeza mito, alikula nini, na kama ametembea hadi mlangoni. Mwenye tatizo la moyo namwomba uzito wa asubuhi, kwa kuwa maji yakijaa mwilini uzito hupanda. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hatusubiri miadi. Mwisho ninamuuliza ni nani atakayempeleka kliniki siku ile, kwa kuwa miadi isiyo na wa kumsindikiza mgonjwa mara nyingi haifiki. Yote hayo yanaandikwa kwenye jalada lake, ili atakayekuwa zamu nikiwa mapumzikoni ajue mgonjwa huyu ameachwa wapi.

Yule mzee aliporuhusiwa mara ya pili tulihakikisha nyumbani kuna mizani, na dawa ya maji tukaihamishia asubuhi. Alitoka akiwa na kilo 71. Siku ya tatu nilipompigia, binti yake alinisomea 73.5, na mito ilikuwa imetoka mmoja hadi mitatu. Alionwa kliniki asubuhi iliyofuata, dozi ikaongezwa, akapimwa figo na chumvi za damu, na jioni alikuwa nyumbani kwake. Miadi inayofuata ni Jumanne, na binti ameshaambiwa aje na ule mfuko.